Mpe Kijana Buti, Umpeleke Porini

Jumamosi, saa nne asubuhi. Wewe na mwenzio mmeshakunywa chai, mnapanga jioni mtokee wapi. Pale kwenye kochi amejilaza shemeji yako wa kidato cha tatu, aliyeletwa kwenu "akae akae kidogo likizo hii". Simu iko usoni tangu alfajiri. Ukimuuliza simba anakaa wapi, atakujibu Msimbazi.

Msicheke sana, maana nyumba nyingi za mjini ziko hivyohivyo na wala si kosa la mtoto. Amezaliwa kwenye nchi ya Serengeti, Ruaha na Katavi, lakini faru anamwona kwenye noti ya elfu tano na tembo kwenye noti ya elfu kumi, na noti zenyewe tunajua hazikai mfukoni. Pori kwake ni mahali pa Wazungu wenye kofia pana na kamera ndefu. Akikua, akawa na kazi na mshahara, atakwenda Dubai kabla hajafika Mikumi. Wapo wakubwa zake waliofanya hivyo, na huenda wengine wanasoma makala hii sasa hivi!

Sasa basi, swali la mwezi huu ni hili: miaka ishirini ijayo, nani atakuwa anaamka saa kumi alfajiri kwenda doria? Wanyama hawajilindi. Wanalindwa na watu, na watu hao wanatengenezwa wakiwa wadogo. Nchi nyingine zililiona hilo mapema, zikaanzisha mipango ya kuwafanya vijana kuwa askari wadogo wa wanyamapori na misitu. Sisi pia tulikuwa na ya kwetu, na bado ipo, ila tumeisahau kidogo.

Dola 25 kwa mama

Tuanzie mbali. Mwaka 1933 Marekani ilikuwa taabani kiuchumi. Vijana wa kiume walijaa mitaani bila kazi, familia zinalala njaa. Rais Franklin D. Roosevelt akaanzisha jeshi la ajabu lisilo na vita, lililoitwa Civilian Conservation Corps. Kijana ambaye hajaoa alichukuliwa, akapelekwa kambini, akapewa koleo badala ya bunduki. Wakapanda miti, wakachonga njia za kupita watembea kwa miguu, wakazima moto wa misitu, wakajenga vibanda na madaraja ambayo mengine yanatumika hadi leo. Hadi mpango unafungwa mwaka 1942, vijana wapatao milioni tatu walikuwa wamepita humo, na miti iliyopandwa ilizidi bilioni tatu.

Lakini kilichonifurahisha mimi ni mshahara. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo dola 25 zilitumwa moja kwa moja nyumbani kwao. Yeye alibaki na tano za sabuni na sigara. Hebu jaribu kumweleza hivyo kijana wa leo mwenye mkataba wake wa kwanza! Hata hivyo tusiifanye hadithi ikawa tamu kuliko ilivyokuwa. Wasichana hawakuchukuliwa, na vijana weusi kwa sehemu kubwa waliwekwa kambi zao peke yao.

Mwaka 1970 Wamarekani wakarudi na mpango mwingine, Youth Conservation Corps, wa wavulana na wasichana wa miaka 15 hadi 18, wanaofanya kazi za mikono kwenye hifadhi wakati wa likizo ndefu na kulipwa. Na kwa wadogo zaidi, karibu kila hifadhi ya taifa kule ina utaratibu wa "askari mdogo". Mtoto anapewa kijitabu chenye maswali na kazi: tafuta nyayo, chora jani, muulize askari jambo moja usilolijua. Akimaliza, askari halisi anakikagua, mtoto ananyoosha mkono juu na kula kiapo, kisha anabandikwa beji kifuani. Nchi za Ulaya nazo zina mtandao wao wa aina hiyo tangu mwaka 2002, unaowakutanisha vijana wa hifadhi za nchi tofauti.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya kitoto. Beji ya plastiki, kitu gani? Lakini angalia ujanja uliomo. Mtoto wa miaka tisa anapewa daftari. Wa miaka kumi na tano anapewa koleo na posho. Wa ishirini anaomba kazi yenyewe huku anajua jua la saa saba likoje na mvua ya kambini inanyeshaje. Hakuna anayeruka ngazi, na asiyependa anajitoa mapema kabla hajapoteza miaka yake chuoni.

Klabu ya Alhamisi mchana

Sisi hatukuanza jana. Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa mwaka 1968, na inatajwa kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika. Wakenya waliosoma sekondari zamani hawajasahau jarida lake lenye jina la mnyama wa usiku mwenye macho makubwa, Komba. Tanzania tukaja na Malihai, klabu za shuleni zilizoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, makao yake Arusha. Jina lenyewe lilichaguliwa na mtu anayekijua Kiswahili: mali, lakini iliyo hai.

Halafu kuna ile ya Dar es Salaam. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikwenda nyumbani kwa Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe, wakakaa barazani kwake wakamweleza yanayowakera: uvuvi wa baruti unaobomoa matumbawe, ujangili kwenye hifadhi, watoto wanaolala mitaani. Walitaka mtu mkubwa afanye kitu. Mama akawageuzia kibao, akawaambia wakatafute wenzao wenye mawazo kama hayo, warudi, waone wao wenyewe wanaweza kufanya nini. Hapo ndipo ilipozaliwa Roots & Shoots, yaani mizizi na machipukizi, ambayo leo iko kwenye nchi zaidi ya 60. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, akiwa safarini Marekani kwenye ziara ya kutoa mihadhara. Watu dunia nzima walimlilia. Ni wangapi kati yetu tunajua kwamba kitu alichokipenda kuliko vyote baada ya sokwe kilianzia kwenye baraza ya Dar?

Ukweli ni kwamba klabu nyingi za shule zina ugonjwa mmoja. Mwalimu mlezi akihamishwa, klabu inahama naye. Mwaka wa kwanza kuna moto: nyimbo, ngonjera, miti mia mbili inapandwa mbele ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi akiondoka na msafara wake, mbuzi wa jirani wanaingia. Mwaka wa pili hakuna anayemwagilia. Vijana wanabaki na fulana.

Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni kutoka nje. Uhifadhi wa ubaoni ni somo kama masomo mengine, una mtihani na una kusahau. Kijana aliyeketi dakika kumi bila kusema neno, akasikia kundi la tembo likivunja matawi mita mia mbili kutoka gari lilipo, huyo hahitaji ngonjera. Shida ni kwamba basi la shule linataka mafuta, na mwalimu mkuu anaogopa lawama mtoto akiumwa na nyoka. Kwa hiyo safari inabaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, kila mwaka.

Aliyekuwa anaua simba

Ukitaka kuona vijana wakifanya kazi hii kikwelikweli, vuka mpaka wa Namanga, ingia Amboseli. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 392 tu, na wanyama wake wanatoka nje kila siku kwenda kula kwenye ardhi ya Wamaasai. Wengine wanakuja hadi upande wetu, chini ya Kilimanjaro, na kurudi bila pasipoti. Kwa hiyo asiyelinda nje ya hifadhi hajalinda kitu.

Tangu mwaka 2007 kuna mpango unaoitwa Lion Guardians, walinzi wa simba. Walichofanya ni kuwaajiri morani. Ndiyo, haohao morani ambao kwa mila zao aliyemchoma simba mkuki wa kwanza alipewa jina la sifa na kuimbwa kijiji kizima. Badala ya kuwahubiria kwamba kuua ni vibaya, waliwaambia: nyinyi mnajua simba kuliko mtu yeyote mwenye digrii, tusaidieni. Kijana ambaye hakupita shule anafundishwa kusoma na kuandika ili ajaze fomu zake. Anapewa kifaa cha kuonyesha mahali kwa setilaiti. Anafuata nyayo, anajua simba yupi yuko wapi, anawahi kuwaambia wachungaji wasipitishe mifugo upande ule. Ng'ombe akipotea usiku, yeye ndiye anayekwenda kumtafuta. Boma likiwa bovu, anasaidia kulikaza.

Na kuna jambo dogo lililonigusa. Kila simba anayefuatiliwa anapewa jina la Kimaasai na walinzi wenyewe. Zamani kijana alipata jina kwa kumuua simba, sasa simba anapata jina kutoka kwa kijana. Ni vigumu kumchoma mkuki mtu unayemwita kwa jina. Mauaji ya simba katika maeneo wanayofanyia kazi yamepungua sana, na heshima ya moran mbele ya wasichana, tuseme ukweli ndiyo iliyokuwa inatafutwa tangu mwanzo, haijapungua.

Mwaka 2019 pembeni kidogo, kwenye ardhi ya jamii ya Olgulului inayoizunguka Amboseli karibu pande zote, likaanza kundi lingine. Wasichana wanane wa Kimaasai walichaguliwa kuwa askari wa wanyamapori wa jamii, wakaitwa Team Lioness. Kila mmoja wao alikuwa mwanamke wa kwanza katika familia yake kupata ajira ya mshahara. Wanatembea kwa miguu kilomita nyingi kila siku bila bunduki. Wakikuta hatari wanaita askari wa serikali wenye silaha.

Kwa nini wasichana? Siasa za usawa zimo, lakini sababu kubwa ni ya kikazi. Askari wanaume walikuwa wakifika bomani wanazungumza na wanaume wenzao. Wanawake, ambao ndio wanaochota maji na kuokota kuni, ndio wanaoona nyayo ngeni na watu wageni porini, na hakuna aliyekuwa anawauliza. Msichana mwenzao akija na sare, chai inachemshwa na habari zinatoka.

Korona ilipoingia mwaka 2020 likizo zikafutwa. Watalii hawakuja, kazi za hotelini zikakatika, hofu ya watu kurudia nyamapori ikapanda. Wale wasichana walikaa kwenye vituo vyao kwa miezi mfululizo bila kurudi nyumbani.

Hapa ndipo gazeti la mambo ya mahusiano linapokaa kwenye kiti vizuri. Mwanamume anayemchumbia msichana wa aina hiyo ajiandae kwa nini? Mwenzi anayelala kambini wiki tatu, anarudi amechoka na amekuwa mweusi kwa jua, ana mshahara wake, na anajua kusoma nyayo. Ukisema ulikuwa kwa kaka yako, atatazama viatu! Utani pembeni, ni suala zito. Hata askari wa kiume wanaishi maisha hayo, na wake zao wanalea watoto peke yao huku wakisubiri simu kutoka mahali pasipo na mtandao. Vijana wanaohamasishwa kuingia kazi hii waambiwe na hilo mapema, na wachumba zao pia. Ndoa ya kambini inawezekana, lakini inataka watu wawili waliokubaliana kabla, na siyo mmoja aliyegundua baada ya send-off.

Afrika Kusini nao wana Black Mambas, kundi la wasichana wasiobeba silaha lililoanza mwaka 2013 kwenye eneo la Balule, jirani na Kruger. Wanapita kwenye uzio, wanang'oa mitego ya nyaya, wanasikiliza milio. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliwapa tuzo yake ya mazingira. Ila kitu wanachonifurahishia zaidi ni kwamba wana mpango wa kufundisha watoto kwenye shule za vijiji walikotoka. Mtoto anamwona dada wa mtaani kwao, si mgeni na projekta.

Mazungumzo magumu

Tusidanganyane. Kwa mtoto wa mjini, askari wa wanyamapori ni shujaa wa kwenye televisheni. Kwa kijana wa kijiji kinachopakana na hifadhi, mara nyingi siku ya kwanza kukutana na askari huyo ni siku ng'ombe wa baba yake wanakamatwa. Shamba la mahindi linaliwa na tembo usiku mmoja, fidia inasubiriwa hadi watu wanasahau waliomba kiasi gani. Halafu mtu anakuja kumwambia ajiunge na klabu ya kupenda wanyama. Ungekuwa wewe ungejiunga?

Hata Mwalimu Nyerere, aliyetoa lile tamko la Arusha la mwaka 1961 kuhusu kulinda wanyamapori, alikuwa muwazi kwamba yeye binafsi si mtu wa kutumia likizo yake kuangalia mamba. Aliona thamani yake kwa nchi. Kijana wa kijijini naye ana haki ya kuuliza thamani yake kwa nyumba yao.

Na majangili wanajua hivyo. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 wakahesabiwa tena, wakakutwa kama 43,000. Miaka mitano tu! Mfanyabiashara wa meno ya tembo hatembei porini mwenyewe. Anamtafuta kijana anayejua njia za vichakani na visima vilipo, na mwenye mabega ya kubeba. Anamlipa kwa usiku mmoja pesa ambayo kijana hajawahi kuishika. Kijana akikamatwa, kifungo chake ni cha miaka mingi, na yule tajiri anatafuta mwingine. Ujuzi wa kumfanya mtu awe askari mzuri ndio uleule unaomfanya awe jangili mzuri. Inategemea nani alimfikia kwanza.

Kwa hiyo mpango wa vijana ukianzia Masaki na kuishia Masaki utakuwa burudani tu. Vijiji vyenye jumuiya za hifadhi ya wanyamapori vina askari wake wa vijiji, vijana waliochaguliwa na wenzao kwenye mkutano wa kijiji. Wanafundishwa kwenye vyuo kama Likuyu Sekamaganga kule Ruvuma au Pasiansi, Mwanza. Anayetaka kupanda juu zaidi yuko Mweka, chuo kilichopo kwenye miteremko ya Kilimanjaro tangu mwaka 1963, kinachosomesha wahifadhi kutoka sehemu nyingi za Afrika. Ngazi ipo. Kinachotia wasiwasi ni malipo ya wale wa chini kabisa, ambayo yanategemea watalii kufika. Tulishaona mwaka 2020 watalii wasipofika inakuwaje.

Jingine la kusema kwa sauti: kazi hii inaua. Tarehe 24 Aprili 2020, kwenye hifadhi ya Virunga, Kongo, askari 12 wa wanyamapori waliuawa siku moja kwa kuviziwa, pamoja na dereva na raia waliokuwa njiani. Tangu hifadhi hiyo ianzishwe mwaka 1925, zaidi ya askari 200 wamepoteza maisha. Wengi huwa vijana wenye wake na watoto wadogo. Tarehe 31 Julai kila mwaka ni siku ya kuwakumbuka askari wa namna hii duniani kote.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na mipango inayomvisha mtoto wa shule kombati na kumfundisha gwaride na kutaja majangili wa kijijini kwao. Mtoto asifanywe mpelelezi. Akimtaja mjomba wake, analala wapi usiku huo? Askari mdogo apewe kazi za mdogo: kuhesabu ndege, kusoma ramani, huduma ya kwanza, kuotesha miche, kujifunza kwa nini moto wa Septemba ni mbaya kuliko wa Mei. Bunduki na upelelezi ni vya watu wazima waliofundishwa na kulipwa.

Kuna kazi nzuri sana za kati, na hizi ndizo ningependa zisambae. Mtafiti Lucy King alionyesha kule Kenya kwamba tembo, pamoja na ukubwa wake wote, anaogopa nyuki. Ukizungusha shamba kwa mizinga iliyounganishwa kwa waya, tembo akiugusa waya mizinga yote inatikisika, nyuki wanatoka, na mkubwa anakimbia. Uzio wa aina hiyo umewekwa pia mashambani pembeni mwa milima ya Udzungwa. Nyuki hawawazuii tembo wote, ukame ukija mizinga inakuwa mitupu, lakini kijana anayetunza uzio ule ana asali ya kuuza. Anamlinda tembo, analinda mahindi ya mama yake, na ana pesa ya vocha. Mwambie huyo habari za uhifadhi, atakusikiliza.

Nyinyi wawili mnaingia wapi?

Turudi mjini. Msomaji wetu ana ajira, ana mwenza, na mara nyingi ana mdogo mtu anayemsomesha. Hahitaji kuanzisha taasisi, wala kuomba ufadhili. Anahitaji wikiendi mbili kwa mwaka.

Kwanza, acheni woga wa gharama. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki kwenye hifadhi za taifa kinalipwa kwa shilingi, na ni kidogo mno ukilinganisha na dola anazotoa mgeni. Kinachokula hela ni gari na malazi. Wapenzi wanne wakichangia gari moja pamoja na vijana wao wawili, hesabu inafanana na usiku mmoja wa bia na nyama choma, kwa wale wanaokunywa kama tunavyowafahamu.

Ukiwa Dar, si lazima uanze na Serengeti. Msitu wa Pugu Kazimzumbwi uko hapo Kisarawe. Mikumi inapitwa na barabara kuu, mtu anaona twiga akiwa njiani kwenda Iringa. Saadani ina bahari na wanyama mahali pamoja. Lakini chaguo langu kwa vijana ni Udzungwa, kwa sababu hakuna barabara ndani. Ni kutembea tu. Unapanda na askari hadi maporomoko ya Sanje, yanayoshuka kwa jumla ya mita 170, na njiani unaweza kuwaona nyani wanaoitwa mangabei wa Sanje, ambao hawapatikani popote pengine duniani na ambao wanasayansi walikuja kuwatambua mwaka 1979 tu. Mwambie kijana hivyo: mnyama mkubwa namna hii alikuwa hapa, na vitabuni hakuwemo. Mwone anavyoanza kutazama juu ya miti.

Wa Nairobi hawana kisingizio kabisa. Mbuga iko mjini, na msitu wa Karura upo pale kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea. Hiyo nayo ni hadithi ya kumsimulia kijana mkiwa mnatembea chini ya miti yenyewe.

Pili, mpeni kazi. Hili ndilo wengi wanakosea. Wanampeleka mtoto porini kama mzigo wa nyuma ya gari, anasinzia, anaamshwa kuangalia pundamilia, anasinzia tena. Mpe darubini na daftari. Mwambie yeye ndiye karani wa safari: saa ngapi, mnyama gani, wangapi, walikuwa wanafanya nini. Mwacheni yeye ndiye amuulize askari maswali, na nyinyi mnyamaze. Askari wengi ni vijana wa miaka ishirini na kitu, wana hadithi, na hakuna anayewauliza kuhusu maisha yao. Mkirudi, daftari lile lipelekwe kwa mwalimu wake. Klabu ya shule imekufa? Mzazi au mlezi mmoja anayejitolea kuchangia mafuta ya basi anaweza kumfufua mwalimu mlezi haraka kuliko waraka wowote.

Na nyinyi wenyewe je? Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliowahusisha watu karibu 20,000 wa Uingereza, ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili walijisikia wenye afya na furaha zaidi kuliko wasiotoka kabisa. Saa mbili tu. Utafiti haukusema kama iliwapunguzia ugomvi wa nyumbani, lakini sijawahi kuona watu wakigombana huku wanatafuta chui. Wanaongea kwa kunong'ona, wanashikana mikono kwenye mawe yanayoteleza, na yule mwenye kuchoka haraka anabebewa begi. Mchumba ambaye hujawahi kumwona akiwa na njaa, jasho na matope bado hujamjua vizuri. Afadhali umjulie Udzungwa kuliko baada ya harusi.

Likizo ya Juni ndiyo nzuri, mvua zimekatika, nyasi zinaanza kulala na wanyama wanaonekana. Desemba nayo si mbaya ila njia za msituni zinateleza. Wekeni nafasi mapema, na mkifika getini ulizeni kama kuna siku wanapokea vikundi vya shule.

Buti si lazima ziwe mpya. Karume zipo za mitumba nzuri tu, ila zichukuliwe kubwa kidogo ili avae soksi mbili, na azitembelee wiki nzima mtaani kabla ya safari, la sivyo malengelenge yatamrudisha chini kabla hamjafika hata maporomoko ya kwanza. Nguo za bluu na nyeusi ziachwe nyumbani, mbung'o wanazifuata. Za mabakamabaka ya kijeshi ndiyo kabisa msinunue, sheria hairuhusu raia kuzivaa. Kaki, kijani kibichi au kahawia inatosha, na kofia yenye ukingo mpana, maji lita mbili kila mtu, na kalamu ya risasi badala ya ya wino. Mvua ikinyesha, wino unatoka kwenye daftari na hesabu yote ya wanyama inapotea.